Kigoda cha Mkambala, Mbeba Fuawe

Mababu wa babu zetu walipokuwa wakichekecha mchanga mweusi wa mito ili wapate chuma, alizaliwa Mkambala mwana wa Senzota, mwana wa Mshighwa, wa ukoo wa wahunzi. Walimwita Mbeba Fuawe, kwa kuwa jiwe la kufulia chuma, ambalo wanaume wengine walilisukuma kwa magogo, yeye alilibeba begani kama mtungi wa maji. Walimwita pia Asiyepasha Kigoda, maana hakupata kuketi mahali hadi kigoda kikashika joto la mwili wake.

Wakati huo watu wake hawakuwa na kwao. Mlima wetu una mgongo mrefu. Maji ya upande wa macheo huteremkia Uvumba, na ya machweo huteremkia Ikonda. Kila nchi ilikuwa na mfumwa wake, mtawala asiyepingwa, na kila mfumwa alitaka wahunzi wawe wake peke yake. Wakijenga Uvumba, watu wa Ikonda walikuja kuchoma vibanda. Wakihamia Ikonda, mikuki ya Uvumba iliwafuata. Kila mara Mkambala aliling'oa fuawe, akajitwika, na watu wakafuata nyuma na vifurushi ambavyo hawakuwahi kuvifungua vyote.

Nakiete mkewe alizifunga mbegu za maboga kiunoni, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali hadi yakazaa.

“Baba Mrutu,” alimwambia njiani, “hata nyani ana mti wake wa kulala. Mimi nimeolewa na jiwe linalotembea.”

“Jiwe halichoki, Mama Mrutu.”

“Sikuuliza habari za jiwe.”

Ukaja mwaka ambao wafumwa wale, wamechoka kuzika vijana, walikubaliana kupanda mimea ya masale mgongoni mwa mlima iwe mpaka. Masale yakishapandwa hayang'olewi, na anayeyapanda katika ardhi ya mwenzake, ukoo wake hukatika. Kwa kuiogopa laana hiyo, kila mfumwa alirudi nyuma kidogo, upande wake mwenyewe, ndipo akapanda. Zikaota safu mbili badala ya moja, na katikati ukabaki ukanda mwembamba wa ardhi usio na mwenyewe.

Mkambala aliuona, akacheka hadi watu wakashangaa. Akalitua fuawe katikati ya safu zile. “Hapa,” alisema, “atakayetufukuza atayakanyaga masale aliyoyapanda mwenyewe.”

Hivyo ndivyo nyumba zetu zilivyokaa mstari mmoja kama shanga. Watu wa Uvumba walikwea na ndizi na maharage, wa Ikonda wakaleta mbuzi na magadi, wakaacha mikuki nje ya masale, wakaondoka na majembe. Nakiete alizifukia mbegu zake, na maboga yakazaa. Lakini Mkambala aliketi na kuinuka, akaketi na kuinuka, akitazama kule masale yanakopotelea.

Soko linalonona huvuta macho. Siku moja wafumwa wote wawili walikuja, kila mmoja akasimama nyuma ya safu yake.

“Mhunzi,” alisema wa Uvumba, “moshi wako unakuja kwangu. Wewe ni wa nani?”

“Na majivu yake yanaanguka kwangu,” alisema wa Ikonda. “Aape soko lijalo yeye ni wa nani. Nikikanwa, nitachoma.”

“Nami nikikanwa, nitachoma kabla yako.”

Kwa desturi yetu, mwenye nyumba tu ndiye huapa kwa niaba ya watu wake. Akiwa safarini, kiapo humngoja. Akifa, mrithi wake huapa siku matanga yanapoanuliwa.

Siku ya soko ilipofika, Mkambala aliinuka kigodani, akashika fimbo, akatamka mbele ya wote: “Ninakwenda kuona masale yanaishia wapi. Nikirudi, nitaapa.”

Wafumwa walilitazama fuawe, wakatabasamu. “Mwacheni aende. Mhunzi haachi fuawe lake. Atarudi.”

Nakiete naye alilitazama. Tangu aolewe, hakuwahi kumwona akihama bila jiwe lile. Akachukua ngozi ya kulibebea, akamfikia penye nyumba ya mwisho.

“Umesahau hii.”

“Ibaki,” alisema Mkambala. “Jiwe limechoka, Mama Mrutu.”

Akashika njia kati ya safu mbili, kwa hatua za mtu aliyefunguliwa kamba, hadi nyasi zikamfunika.

Miaka ikapita. Wachungaji wakaleta fimbo yake kutoka nyikani, imeliwa na mchwa, na Mrutu mwanawe akachukua wembe anyoe nywele za msiba. Nakiete alimpokonya.

“Unamzika baba yako, au unakizika kijiji?”

Hakulia mbele ya watu. Hakunyoa. Alikufa akiitwa mke wa msafiri.

Nasi hatujamwekea Mkambala matanga hadi leo. Watawala wa Uvumba na Ikonda wamekwisha, wakaja wengine wenye kamba za kupimia, na wote wameuliza swali lile lile: ninyi ni wa nani? Tunawakaribisha, tunawapa maboga, kisha tunawatolea kigoda.

“Kiguseni,” tunawaambia. “Kikiwa na joto, mwenye nyumba amerudi, naye atawajibu.”