Jaribio la Sahani Moja

Palikuwa na tajiri mmoja, Mahfudhi, ambaye hakuwahi kuajiri mpishi, na wageni wake hawakuwahi kutoka na njaa. Siri yake ilikuwa hii: kila akiwa na karamu, hutangaza kwamba anatafuta mpishi. Mwombaji anakuja, anapika sufuria kubwa za pilau kwa majaribio, wageni wanashiba, kisha Mahfudhi anamwambia kwa upole, "Nenda nyumbani, utaitwa."

Mpishi mmoja, Mashavu, alishaambiwa hivyo mara nne. Alipika karamu ya akika, akapika ya hitima, akarudi kwake ananuka moshi, akakaa kusubiri hodi isiyopigwa. Kwenye milango mingine nako walimwambia hana uzoefu, au uzoefu umemzidi. Alichoka, jamani, hadi akachukia harufu ya bizari. Lakini pilau yake ilikuwa pilau kweli, na kazi aliitaka.

Mara ya tano ilikuwa siku ya kumwoza binti wa Mahfudhi. Mashavu akakabidhiwa magunia ya mchele na nyama ya mbuzi watatu, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Adhuhuri kadhi na wakwe wameshakaa mkekani, birika limeshapita, mikono imeshaoshwa, iko hewani inangoja. Masinia hayatoki.

Mahfudhi akaja jikoni anatweta. Akamkuta Mashavu ameketi kwenye kigoda, magunia hayajafunguliwa ila moja, na mbele yake sahani moja ya pilau.

"Chakula kiko wapi?"

"Hicho hapo, bwana. Onja."

"Sahani moja? Nina watu mia pale nje."

"Ulisema unanijaribu. Na wao wananijaribu?"

"Wao wamekuja kula."

"Basi kuwapikia wao ni kazi, bwana, na kazi sijapewa."

Mahfudhi akaonja. Akaonja tena, mkono wenyewe ukirudi sahanini. Huko barazani kadhi akakohoa, wakwe nao wakakohoa. Tajiri akafoka, akabembeleza, mwishowe akaapa mbele ya watumishi wote kwamba kazi ni ya Mashavu tangu leo, na mshahara, na nguo za sikukuu.

"Nimeshakuajiri," akasema, jasho linamtoka. "Nakuomba, washa moto."

Mashavu akainuka taratibu, akajifuta mikono, akaitupia kanga begani.

"Ombi lako nimelipokea, bwana. Nenda kakae na wageni, utaitwa."