Dungusi Lililobaki na Majani

Hapo kale, madungusi yote yalikuwa na majani kama miti mingine, na miiba yake ilikuwa imenyooka. Yalisimama wima nyikani, chini ya vilima vya Taita, kila moja peke yake.

Ndipo mwanamke mmoja, Mkawasi, alipopata ndui. Desturi ilikuwa kumtenga mgonjwa, kwa hiyo akajengewa kibanda ng'ambo ya korongo, penye dungusi changa mlangoni. Kila asubuhi dada yake, Wakesho, aliweka kibuyu cha uji juu ya jiwe, akarudi nyuma, akaita, "Mkawasi, upo?"

"Nipo, dada."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku nzima.

Kisha mvua zikakatika. Ukoo ukahamia mlimani na mifugo, na baba yao akamkataza Wakesho kubaki nyuma. Ndui ilimtoka Mkawasi, ikamwachia makovu na miguu isiyoweza safari. Asubuhi zikapita bila mtu kuita.

Madungusi nayo, kwa kuogopa kiu, yakaanza kupukutisha majani. Mkawasi aliona jani la kwanza likianguka mlangoni pake.

"Hata wewe?" akasema.

Kila siku alijikokota hadi korongoni, akachimba mchanga, akapata maji ya kujaza kifuu kimoja tu. Nusu alikunywa. Nusu alilimwagia dungusi, maana hakuwa na mwingine wa kumtazama.

Dungusi likaacha kupukutika. Lakini shina lake jembamba halikuweza kuubeba uzito wa majani, likaegemea ukuta, likapanda, na miiba yake ikajikunja ili ishike nyasi za paa. Huko juu likazaa matunda madogo ya manjano, yenye uchachu. Mkawasi akaishi kwa hayo. Miezi ikapita, na sauti ikamkauka kwa kukosa wa kusema naye.

Mvua iliporudi, Wakesho alikuja mbio. Aliita kutoka kwenye jiwe, akasogea hadi mlangoni, akaita tena. Ndani, Mkawasi alifungua kinywa, sauti isitoke. Wakesho akaogopa kuingia. Akaangua kilio, akageuka kwenda kuita watu waje wazike.

Mwiba ukamnasa shuka. Akavuta, ukazidi kushika. Alipoinama kujinasua akaona maganda ya matunda kizingitini, bado mabichi, na mkono wenye makovu ukimnyookea.

"Mdogo wangu! Umekula nini siku zote hizi?"

Mkawasi akaonyesha juu.

Na tangu siku hiyo, madungusi mengine husimama uchi nyikani, lakini hilo moja lina majani, hupanda kwenye kuta za watu na kuwapa matunda. Likikunasa nguo, usivute kwa hasira. Simama, ujinasue polepole, na utazame mlangoni kama kuna mtu.