Hatua Mia Nne za Fisi

Mwaka ule jua lilikausha hata machozi. Kisima cha Chuo cha Nyika kilibaki tope tupu. Simba, mkuu wa chuo, ambaye hakupenda kuonekana na kiu mbele ya wanafunzi wake, akatoa amri: kila anayetaka kuhitimu afanye utafiti wa mahali penye maji, aandike ripoti. Mshindi atavikwa joho na kunywa wa kwanza.

Neno "kunywa" lilimwingia Fisi moyoni. Neno "utafiti" lilimpita hivi hivi. Siku arobaini alilala kivulini, na kila alipoulizwa kazi imefika wapi alijibu, "Nipo kwenye uchambuzi." Zilipobaki siku mbili, akainuka. Akamwendea Kobe, ambaye siku zote hizo alikuwa juani akipima na kuchimba.

"Ndugu yangu Kobe, hebu niazime ripoti yako. Naangalia mpangilio tu."

"Mpangilio tu?"

"Haki ya Mungu! Kesho asubuhi unayo mkononi."

Kobe, mpole wa kupitiliza, akampa.

Fisi aliinakili yote, nukta kwa nukta. Lakini msimdharau, alitumia na akili, ile ndogo aliyojaliwa. Palipoandikwa "gamba langu" akaweka "ngozi yangu." "Nilijikokota" akaigeuza "nilitembea." Kisha akafika kwenye sentensi iliyobeba kazi nzima: "Kutoka jiwe jekundu, elekea mlimani hatua mia nne, chimba." Akakuna kichwa, asione la kubadilisha. Hatua si ni hatua? Akaiacha. "Sasa hii ni yangu," akasema, na kwa kweli aliamini.

Ripoti ya Kobe akairudisha kama alivyoahidi, ya kwake akaiwasilisha alfajiri ya siku ya mwisho. Kobe, kwa miguu ile yake, alifika adhuhuri, akakuta Simba ananguruma.

"Kobe! Ripoti hii tumeshaisoma! Mwizi wa kazi za wenzake hafukuzwi chuoni tu, na maji yetu hayagusi!"

Kobe akasogea mbele. Bila maji hamalizi wiki. "Mheshimiwa, hilo ni jasho langu. Muulize Fisi."

"Aniulize nini?" Fisi akafoka, joho tayari liko mabegani. "Mimi nimeteseka juani, huyu ananakili! Wanafunzi wa siku hizi hawana haya!" Na machozi yakamtoka. Aliona uchungu hasa, utadhani ndiye aliyeibiwa.

Sungura, msahihishaji wa chuo, alizijua njia zote za udanganyifu kwa kuwa alishazipita mwenyewe. Akazisoma ripoti zote mbili, akatabasamu.

"Mheshimiwa, ugomvi wa nini na kiu yote hii? Mwenye kazi atupeleke. Profesa Fisi, tangulia."

Kuitwa profesa kukamlevya. Fisi akasimama kwenye jiwe jekundu, akaanza kupiga hatua ndefu za kifisi, chuo kizima nyuma yake kikihesabu kwa sauti. Hatua mia nne zikamtupa mbali, bondeni chini ya mlima, penye udongo laini.

"Hapa!"

"Ulipachimba mwenyewe?" Sungura akauliza.

"Kwa mikono hii hii!" Akaizamisha yote miwili.

Maji hayakutoka. Walitoka siafu. Wakampanda, wakaingia chini ya joho, wakauma walipotaka. Fisi akaruka, akapiga yowe, akalivua joho akalitupa, akatimka uchi mbele ya wanafunzi wenzake wote.

"Profesa!" Sungura akamwita. "Rudi utetee ripoti!"

Simba akacheka, kisha akakumbuka ukuu wake akanyamaza.

"Mheshimiwa," Kobe akasema taratibu, "hatua zile ni zangu."

Wakarudi kwenye jiwe jekundu. Kobe akahesabu, moja, mbili, tatu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ya mia nne iliishia karibu tu, penye shimo dogo alilokuwa amelifunika kwa majani. Fisi alikuwa amelipita akiwa bado kwenye ishirini na kitu. Chini yake maji yalikuwa meupe, ya baridi.

Simba akalikung'uta joho siafu, akamvika Kobe. Likamfunika mwili mzima, akabaki kichwa, ila siku hiyo hakuna aliyemcheka. Akanywa wa kwanza.

Fisi aliwatazama kutoka mbali, ulimi nje, akijikuna. Nguo ya kuazima haisitiri matako.