Dhahabu ya Mzee Sheuya Haikuingia Kwenye Faili

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Korogwe, Mzee Mbaruku Sheuya, mwenye kiwanda cha juisi ya machungwa, aliyetaka hata kompyuta imheshimu. Kwenye tovuti ya kiwanda aliwekewa jedwali la watu wote wa pale: majina yao, na siku ambazo kila mmoja alifika kazini mwezi ule. Wafanyakazi waliandikwa kwa herufi ndogo, nyeusi. Jina lake yeye lilikaa juu kabisa, limenenepa, rangi ya dhahabu, na taji pembeni.

Asubuhi moja ikaja barua ya mnunuzi mkubwa kutoka Arusha. Yuko njiani, na akifika anataka jedwali lile kwenye faili lisilo na mapambo: jina na siku, basi.

Mzee akamwita karani wake, Mwantumu, mjane mwenye watoto wanne na ulimi usiolala. Mwantumu akabonyeza, faili likashuka. Mzee akainama kutazama. Majina sitini na mawili, yote meusi, yote sawa, yamejipanga kwa alfabeti. Lake limebanwa kati ya Shemboza mpakiaji na Singano mfagizi.

"Dhahabu yangu iko wapi?"

"Imebaki kwenye tovuti, mzee. Faili la namna hii hubeba maneno na namba tu. Mapambo halibebi."

"Yapake upya."

"Nikipaka, mashine ya mgeni italikataa."

"Basi andika 'Mkurugenzi' mbele ya jina langu."

"Barua imesema jina na siku."

Mzee akavuta pumzi. "Sikiliza wewe. Bila rangi, bila neno la ziada, nataka mgeni akitupa jicho tu ajue bosi ni nani. Asipojua, kesho usije."

"Na akijua?"

"Utakaa hapa mpaka uzeeke."

"Unasema mbele ya hawa?" Mwantumu akawaonyesha wapakiaji watano waliosimama mlangoni wakisubiri kusaini.

"Mbele ya hawa."

Mwantumu akawakumbuka wanawe. Watoto wanne hawali taji. Akakaa, akashika kipanya, akabonyeza mara moja tu. Hakuongeza hata herufi.

Mgeni akaingia, mama mmoja mrefu aitwaye Bi Nasieku. Akasalimia, akaketi mbele ya kompyuta, akateremka na orodha mpaka chini. Akatabasamu.

"Mwenye kiwanda ni huyu hapa," akasema. "Mbaruku Sheuya."

Mzee akavimba kwa raha. Akawageukia wapakiaji. "Mmeona? Hata bila dhahabu jina langu linang'aa. Haya Mwantumu, waambie umefanyaje."

"Nimeyapanga majina kwa siku za kazi tu, mzee, kuanzia nyingi. La mwisho ni lako, lina sifuri. Na hapa kiwandani, mwenye sifuri ambaye hajafukuzwa ni mmoja."