Dada Watatu Ukutani mwa Mshipa

Sogeeni, na mwenye kiazi mdomoni amalize kumeza, maana leo tunaingia ndani ya mtu.

Katika damu ya Bwana Chambuso, mkaanga chipsi wa Morogoro, waliishi dada watatu, chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Tunu alinusa hatari kabla haijabisha hodi. Havijawa alipenya hata pasipo upenyo. Mwanakombo, mdogo wao, alimeza kila adui, na kwa mila ya ukoo wao ukishameza, hutemi.

Chambuso alipokanyaga msumari, vijidudu viliingia kwa maelfu. Tunu akanusa, Havijawa akafungua njia, Mwanakombo akala, na siku ya tatu uvimbe wa mguu ukanywea. Moyo wenyewe uliwapigia ngoma. Mwanakombo akajiona malkia!

Basi asubuhi moja Tunu akasimama ghafla kwenye mshipa wa moyo. "Jamani, humu ukutani mnanuka." Yalikuwa mafuta. Chambuso hamwagi makombo ya karai, huyala mwenyewe, na mafuta yalikuwa yamejipenyeza ukutani yakachacha. Bila Tunu, nani angejua?

Ukuta ulibana. Havijawa akajinyoosha mwembamba kama uzi, akaingia, akamvuta mdogo wake. "Pita, mwaya, usiogope." Bila Havijawa, nani angefika?

Mwanakombo alifurahi kuona sinia kubwa namna ile. Akala. Akala tena. Akavimba, akajaa povu la mafuta, na alipotaka kutoka hakupita.

"Dada, nimekwama."

"Tema kidogo," Tunu akamsihi.

"Niteme? Niwe wa kwanza katika ukoo wetu?"

Tunu akaingiwa na hofu, akapiga mbiu. Chembe wenzao wakaja mbio kusaidia, nao wakala, nao wakakwama. Ukuta ukanenepa, njia ya damu ikawa finyu. Siku hizi Chambuso akipanda ngazi tatu tu, anakaa chini ameshika kifua.

Moyo ukatoa amri huku ukihema: "Mmoja wenu aache kazi leo, la sivyo tunakufa sote."

"Nikiacha kunusa," akasema Tunu, "msumari wa kesho atautambua nani?"

"Nikiacha kupenya," akasema Havijawa, "kwenye kidonda mtafikaje?"

Mwanakombo alijibu kutoka ndani ya ukuta. Alikuwa anaogopa, na aibu ilimjaa. "Nilifanya nililofundishwa, dada zangu. Nikiacha kula, mafuta haya atayaondoa nani? Na huko nje namsikia Bwana Chambuso anakwangua karai."

Moyo unangoja jibu, nami nimeishia hapo. Haya, wewe uliyemeza kiazi: kati ya dada hawa watatu, ungemwachisha kazi nani? Au ungemgeukia mwenye karai? Sema upesi, mafuta yanachemka.