Tuta Alilolikalia Namsifu

"Tuta kuukuu ndilo liijualo mvua." Mmelisikia neno hilo leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua aliyelisema. Alilisema Kajiru, mkulima wa milima ya Upare, akiwa ametapakaa matope mpaka masikioni. Lilianza hivi.

Mwaka huo serikali ilitangaza kwamba mkulima wa mlimani atakayechimba matuta mapya ya kuzuia udongo usiporomoke atalipwa. Shamba la tangawizi la Kajiru lilikuwa na matuta manne imara ya mawe na majani, aliyoyajenga marehemu mama yake. Yalikuwa ya zamani, basi hayakuwa na malipo. Jirani ambao hawakuwahi kuinua hata jiwe moja ndio waliojiandaa kulipwa. Kajiru ilimuuma, na hata mimi ingeniuma.

Tena hakuwa mlafi, maskini. Alimpenda sana mkewe, Namsifu, na jiko la Namsifu lilikuwa likivuja. Kila mvua mtoto wa watu alipika amejifunika gunia. Kajiru alitaka kumwezekea bati, akajiona amepata akili: abomoe matuta ya mama, achimbe mengine palepale, bwana shamba aje kuyapima.

Akabomoa la kwanza na kulichimba upya, akabomoa la pili, akabomoa la tatu. Alipofika la nne, la chini kabisa, akamkuta Namsifu amelikalia, kanyoosha miguu.

"Ondoka, mama Elinami. Jembe halina macho."

"Siondoki. Hili mama mkwe alilijenga akiwa na mimba yako. Alinionyesha mwenyewe jiwe alilokuwa akipumzikia."

"Si ninafanya hivi kwa ajili ya jiko lako!"

"Najua, baba Elinami. Ndiyo maana nimekaa tu, sijakupiga."

Kajiru akacheka bila kupenda, akaweka jembe begani.

Bwana shamba alifika na kamba yake ya kupimia siku tatu baadaye, alasiri. Kabla hajaifungua, vuli ikashuka, tena kwa fujo. Udongo wa matuta mapya ulikuwa bado tifutifu, haujashikana. La kwanza likaondoka, likabeba la pili, yote mawili yakabeba la tatu pamoja na tangawizi. Kajiru alikimbilia shambani akijaribu kuuzuia udongo kwa mikono, akabingirika nao mpaka chini. Akasimama pale udongo wenyewe uliposimama, kwenye tuta la nne.

Mvua ilipokatika, bwana shamba alimkuta amelikumbatia lile tuta, analia. Alimwonea huruma.

"Mzee, hili ni la zamani, siwezi kulipima," alisema. "Lakini ukilivunja ukalichimba upya, nitarudi wiki ijayo nikuandikie malipo yako."

Kajiru alimtazama mkewe. Namsifu alikuwa amelowa chapachapa kwa kumfuata mumewe shambani.

"Hapana, bwana shamba," Kajiru alijibu. "Kamba yako inajua urefu tu. Tuta kuukuu ndilo liijualo mvua."

Mwaka ule hakulipwa kitu. Bati waliezeka baada ya misimu miwili, kwa tangawizi ya shamba hilohilo.

Lakini kesho yake ya mvua ile, asubuhi, kijiji kizima kilikuja kwa msaragambo, ile kazi yetu ya kusaidiana bila ujira, kuupandisha udongo kwa vikapu. Bwana shamba alikuwa amekwisha kulieneza neno la Kajiru, na jirani, ambao utani ni chakula chao, walimrushia kila walipompita. Kajiru akainamisha kichwa, akachota. Kisha vikapu vikajaa, vikaenda, vikarudi, na udongo nyuma ya tuta haukwisha. Walipoona ni mwingi kiasi gani uliozuiwa na mawe ya mwanamke mmoja, tena mjamzito, utani ukawaisha. Wakalisema tena, safari hii taratibu, kama watu wanaomwamkia mama mwenyewe:

"Tuta kuukuu ndilo liijualo mvua."