Mwalimu Aliyekataa Kusema "Anastahili"

Imepokewa kwa waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika chuo kimoja cha makasisi huko milimani, alikuwako mwalimu mcha Mungu aitwaye Padre Akila Semng'indo, Mungu amrehemu. Alifundisha Maandiko Matakatifu mpaka nywele zikawa nyeupe, na wanafunzi wake walimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Miongoni mwao alikuwamo Shemasi Kleopa Mdoe, kijana mwenye kichwa chepesi ajabu. Ukimwuliza aya, anakupa aya, na maelezo ya aya, na kosa la aliyeieleza kabla yake. Wenzake walimtania kwamba hata akiota ndoto huitaja sura na aya yake. Mwalimu alijivunia kijana huyu, wala hakuficha.

Ikawa, majuma machache kabla ya Kleopa kuwekewa mikono awe padre, mjane mmoja jirani wa chuo alifiwa na binti yake wa pekee, Tabea, aliyechukuliwa na surua kabla ya kubatizwa. Padre Akila akamtuma Kleopa akaongoze sala ya mazishi, naye mwenyewe akaketi nyuma, kati ya waombolezaji. Sala ilipokwisha, yule mama alimshika Kleopa kanzu.

"Shemasi, mwanangu yuko wapi sasa?"

Kleopa akasimama wima. "Mama, kuhusu mtoto ambaye hakubatizwa, wataalamu wamehitilafiana. Zipo kauli mbili." Akazieleza zote mbili, tena vizuri sana, kisha akaaga.

Mwalimu hakumkemea. Alitaka Kleopa arudi kwa yule mama kwa hiari yake. Kleopa hakurudi, alikuwa na shughuli ya kuandaa mahubiri yake ya kwanza ya upadre.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa pomoni, na mama mzazi wa Kleopa alikaa mbele kabisa, machozi ya furaha yakimtoka hata kabla ya wimbo wa kwanza. Kwa desturi ya kanisa lile, mwalimu ndiye aliyemleta mwanafunzi wake mbele ya askofu na kumshuhudia.

"Padre Akila," askofu akauliza, "huyu unayemleta anastahili?"

"Bado, Baba Askofu."

Watu wakaguna. Askofu akainama, akamnong'oneza, "Padre, waumini wangapi wanakufa bila sakramenti kwa kukosa padre? Sema neno moja tu tuendelee."

"Najua, Baba. Lakini umeniuliza mbele za Mungu. Yote niliyomfundisha anayajua. Kilichompungukia ni kile ambacho mimi sikumfundisha, na kosa ni langu. Niruhusu nitoke darasani nikamfundishe."

Jamani, moyo gani huo! Wengine tungesema "anastahili" tukaenda kula pilau. Askofu alikasirika, lakini alimcha Mungu pia, akaahirisha. Kleopa alitoka kanisani kwa mlango wa nyuma, na mama yake akapita mbele ya mwalimu bila salamu. Padre Akila alivumilia yote mawili.

Kesho yake akamchukua Kleopa wakaenda kwa mjane. Mwalimu hakuhubiri. Aliketi jamvini, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Wakawa wanakwenda hivyo kila alasiri. Mwanzoni Kleopa alinuna, na mawe mengi yakabaki katika maharage yake. Siku moja njiani akauliza, "Mwalimu, somo linaanza lini?"

"Wewe chambua, mwanangu."

Kidogo kidogo Kleopa akaanza kusikiliza. Akatambua kwamba watu waliozoea kumwita mwanamke yule Mama Tabea sasa walimwita "jirani", au walikohoa tu mlangoni. Waliogopa kumtonesha kidonda, nao walidhani hiyo ndiyo huruma. Kumbe siku ya mazishi mama yule alinyang'anywa mtoto, kisha akanyang'anywa na jina lake mwenyewe.

Alasiri moja mama akauliza tena, bila kumtazama mtu, "Hivi mwanangu yuko wapi?"

Kleopa akaweka ungo chini. "Sijui kukueleza, mama," akasema. "Ninalolijua ni kwamba Mungu hamsahau aliyemwumba. Na kama hajamsahau, basi wewe bado ni Mama Tabea."

Yule mama akaangua kilio. "Niite tena," akasema. Kleopa akamwita tena, naye akilia, na Padre Akila akatoka nje kwa sababu hakuweza kujizuia.

Walipofika tena mbele ya askofu, mwalimu hakungoja swali liishe. "Anastahili, Baba."

Baada ya ibada askofu akamwita kando. "Niambie, ulimfundisha nini huko?"

Padre Akila akainamisha kichwa. "Baba Askofu, nimefundisha ufufuo wa wafu maisha yangu yote. Na mimi pia nilikuwa nikimwita yule mama 'jirani'."

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu atujalie walimu wa namna hii: wanaothubutu kumchelewesha mwanafunzi wanayempenda, kisha wakaketi naye chini, na kukubali kwamba somo lililobaki ni lao pia.